Shamba la Marehemu: Kisa cha Moto Ulioanzia Kwetu

Moto uliwashwa Ijumaa asubuhi, na alasiri ukatushinda. Kati ya nyakati hizo mbili palikuwa na biwi moja la makuti, makumbi ya nazi na magugu yaliyofyekwa, na mtu mmoja aliyeamini kwamba ameshalizima. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu shamba ni la kwetu, na kwa sababu kila ninapokisimulia hapa Mombasa hukutana na mtu mwenye shamba kama hilo. Liko Kwale au Kilifi, liliachwa na babu, hati ina jina la babu, na hakuna aliyekwenda kulitazama tangu Idi iliyopita.

Shamba liko Matuga, upande wa chini wa vilima vya Shimba. Ni ekari 12. Babu alikuwa na duka Majengo, na faida ya duka akainunulia ardhi, akapanda minazi na mikorosho. Alipofariki tulisoma hitima, tukazungumza mambo ya mirathi kwa siku mbili tatu, kisha kila mtu akarudi kazini kwake. Baadhi ya watoto wake nao wamekwisha kufa na mafungu yao yameangukia watoto wao. Leo ukituhesabu warithi tunafika 19: Majengo, Likoni, Kisauni, wawili Nairobi, mmoja Omani. Hatukuwahi kugombana juu ya shamba lile. Tuliliacha tu, kila mmoja akidhani mwenziwe analishughulikia.

Ekari nne za karibu na barabara zililimwa na mlinzi tuliyemweka, mtu wa huko huko, aliyekuwa akipanda mahindi na muhogo na kutuangulia nazi. Ekari nane za nyuma zinapakana na shamba la jirani, na baada ya shamba la jirani unaanza mpaka wa hifadhi ya taifa. Ekari hizo hazikuwa zimefyekwa kwa miaka sita au zaidi. Makuti yalianguka yakalala pale pale. Nyasi zilipita kiuno cha mtu mzima. Kila kaskazi ilikuta mzigo mkubwa zaidi kuliko iliyotangulia, na kwa miaka yote hiyo hatukupata hasara kwa bahati tu, tukaihesabu bahati ile kuwa ni usalama.

Mwezi ulikuwa Februari. Vuli ilikuwa hafifu, na kaskazi ilikuwa imeshafanya kazi yake ya kukausha. Mlinzi alifyeka kando ya nyumba yake, akarundika, akatia moto mnamo saa mbili asubuhi, umande haujakauka na upepo haujaamka. Hapo hakukosea, ndivyo wazee wanavyochoma. Alikaa nalo biwi mpaka ndimi zikashuka, akalimwagia ndoo mbili za maji, akalifukia kwa mchanga, akaenda kuoga ajitayarishe kwa sala ya Ijumaa.

Kosa lilikuwa kwenye makumbi. Kuti huwaka likaisha. Kumbi hufuka. Moto huingia ndani ya nyuzi zake, hupata pumzi kidogo hata chini ya mchanga, na unaweza kukaa humo kutwa nzima bila moshi unaoonekana na mtu aliye mbali. Saa tisa, upepo wa bahari ulipopanda kama unavyopanda kila alasiri miezi hiyo, ulipeperusha mchanga na cheche zikatua kwenye zile nyasi tulizoziacha.

Ardhi yetu inapanda kuelekea msituni, na moto unaopanda mwinuko hukimbia kuliko unaoshuka, kwa kuwa joto lake linatangulia kuzikausha nyasi za juu kabla ndimi hazijafika. Jirani yetu, mzee wa Kidigo aliyepita miaka sabini, ndiye aliyepiga ukelele. Watu wakaja na mapanga, matawi mabichi na magunia yaliyoloweshwa. Wanawake walibeba maji kwa madebe kutoka kisima cha mbali. Askari wa wanyamapori waliteremka kutoka juu, wakakata mkanda kwenye mpaka ili moto usipate kitu cha kula. Gari la zimamoto nalo lilifika, likakomea kwenye lami, kwa sababu njia ya kuingilia shambani ilikuwa imezibwa na vichaka. Njia hiyo ni yetu, na vichaka vilikuwa vyetu.

Mimi nilivuka kivuko cha Likoni magharibi ikiingia. Nilipofika niliona mstari mwekundu ukitambaa gizani na kusikia minazi ikipasuka. Moto ulizimwa saa tatu usiku. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Kijana mmoja alibabuka mguu. Jirani aliunguliwa na minazi 23, mikorosho tisa, banda la makuti na mizinga miwili ya nyuki. Ndani ya hifadhi kiliteketea kipande cha nyasi kandokando ya mpaka, kisha moto ukafa kwenye ule mkanda.

Kwa nini mtu wa Mombasa ajali kipande cha nyasi kilichoungua Shimba? Msitu ule ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikafanywa hifadhi ya taifa. Ndani yake ndimo wanamoishi palahala, aina ya swala wakubwa, wa mwisho wa Kenya. Hakuna mahali pengine nchini utakapowakuta mwituni. Na chini ya msitu huo kuna chemchemi za Marere, ambazo tangu enzi za ukoloni zimekuwa zikileta maji Mombasa. Maji yanayobakia ardhini miezi ya kiangazi ni yale ambayo miti na majani yaliyooza yaliyazuia yasikimbilie baharini wakati wa mvua. Babu alikunywa maji ya Marere akiwa dukani kwake Majengo, na sisi warithi wake ndio tulioachia moto upande kuelekea huko.

Jumapili mlinzi wetu aliitwa kituoni kuandikisha maelezo. Hapa kisa kinaanza kuwa cha sheria, na hapa ndipo roho yangu inaponiuma hadi leo. Kwenye kundi la familia la WhatsApp tuliandika kwamba mlinzi ni mzembe, afukuzwe, alipe. Nami niliandika. Mtu tuliyekuwa tukimpa pesa kidogo kila mwezi, bila jembe jipya wala tangi la maji, tulitaka abebe peke yake mzigo wa ekari nane tulizozitupa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 334, inampa kifungo cha hadi miaka 14 mtu anayechoma mimea au miti ya mwingine kwa makusudi na kinyume cha sheria. Iko pia sheria maalumu ya moto wa nyasi, Sura ya 327, inayoweka masharti ya kuchoma majani. Zote mbili zinamtafuta kwanza aliyeshika kibiriti. Lakini mlinzi hakukusudia kumchomea mtu shamba, na polisi walipomsikiliza, na wazee walipomshuhudia, walimwachia. Baada ya hapo likabaki swali ambalo sheria ya jinai haina jibu lake: je, mwenye nyasi?

Wakili mmoja mjini, rafiki wa ami yangu, alitueleza kesi ya Australia ambayo naona kila mwenye shamba aijue. Februari 1961, huko Australia Magharibi, radi ilipiga mti mrefu katikati ya shamba la mtu ukashika moto. Mwenye shamba hakuuwasha yeye. Siku iliyofuata alisafisha pembezoni, akaukata ukaanguka, kisha akaamua kuuacha ujimalizie wenyewe, ingawa angeweza kuumwagia maji ukazimika kabisa. Siku chache baadaye joto likazidi, upepo ukageuka, moto ukaruka hadi kwa majirani. Kesi ilikwenda mpaka Baraza la Faragha huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa kesi kama hizo, nayo ikaamuliwa mwaka 1966 kwa jina la Goldman v Hargrave. Mwenye shamba alipatikana na hatia ya uzembe. Mahakama ilisema kwamba ukijua pana hatari kwenye ardhi yako, hata kama hukuileta wewe, una wajibu wa kuiondoa kwa kadiri ya uwezo wako. Uwezo hutazamwa pia: mzee dhaifu asiye na kitu hadaiwi sawa na tajiri mwenye trekta.

Uamuzi ule hauzibani mahakama zetu, lakini sheria ya Kenya inapokea misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, pale inapofaa mazingira yetu, na hoja yake ina uzito hapa. Niliposikia maneno yale nililiona biwi letu. Mti uliokatwa ukaachwa ukifuka, makumbi yaliyofukiwa yakiwa bado yana moto ndani. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na hatari ya pili iliyoishinda hata hiyo ya kwanza, nayo ni nyasi za miaka sita. Tulijua zipo. Kila aliyekwenda kuchukua nazi alirudi akisema shamba limekuwa mwitu.

Basi kwa nini jirani hakutushtaki? Alikuwa na miaka mitatu ya kufanya hivyo kwa mujibu wa sheria ya muda wa kufungua madai. Jibu ni kwamba asingejua amshtaki nani. Hati ni ya marehemu, na marehemu hana msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa na mahakama. Angeweza kumfuata mmoja wetu, na huyo angemwambia fungu langu ni dogo, nenda kwa kaka. Naamini huu ndio ufa mkubwa wa sera yetu ya moto pwani, na sijausikia ukitajwa kwenye baraza lolote. Serikali ikitaka kumwandikia notisi mwenye ardhi afyeke mpaka wake, kwa maelfu ya mashamba kama letu notisi itakwenda kwa mtu aliye kaburini.

Ukisoma Katiba ya 2010 utaona mambo yamepangwa vizuri. Ibara ya 69 inaitaka dola ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na inamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kulinda mazingira. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti huduma za zimamoto na maafa. Wanyama wana idara yao, misitu ina idara yake, na Sheria ya Misitu ya 2016 inamruhusu mtu binafsi kusajili msitu wake na kupewa ushauri wa kitaalamu. Lakini askari wa hifadhi anaanzia kwenye mpaka wa hifadhi, na zimamoto inaanza moto unapowaka. Nyasi zinazokua kimya kimya kwenye shamba la mtu mwezi wa Oktoba hazina mwenyewe serikalini. Sheria inasimama juu ya moto, wakati hatari imejengeka miaka mingi kabla ya kibiriti.

Ureno waliyaona haya kwa gharama ya kutisha. Sehemu kubwa sana ya misitu ya nchi hiyo ni mali ya watu binafsi. Serikali ina takriban asilimia tatu tu. Mashamba ni vipande vidogo vya urithi, wenyewe wamehamia Lisbon au Ufaransa, mipaka haijulikani. Tangu 2006 sheria yao iliwataka watu wasafishe mita 50 kuzunguka nyumba, na wengi hawakufanya. Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa barabarani, ndani ya magari au kando yake, wakikimbia. Baada ya hapo waliongeza faini, wakawapa mabaraza ya miji mamlaka ya kuingia kufyeka na kumdai mwenye ardhi gharama, na wakaanza kazi ngumu ya kutafuta nani anamiliki nini. Nilipoyasoma hayo nilihisi nasomewa habari za ami zangu.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi moto upigwe marufuku kabisa mashambani. Palahala wenyewe wanahitaji nyasi changa, na ndani ya Shimba wasimamizi huchoma baadhi ya nyika kwa mpango ili zisigeuke kichaka. Mkulima wa Matuga asiye na trekta atasafishia nini konde lake? Ukimkataza kuchoma mchana atachoma usiku kwa kujificha, bila majirani kujua, na huo ndio moto mbaya zaidi. Kinachotakiwa ni ruhusa inayopatikana kijijini kwa naibu wa chifu bila nauli wala mlungula, majirani waambiwe siku na saa, watu wawepo, maji yawepo, na makumbi yasitiwe kwenye biwi.

Suluhu yetu ilifanyika chini ya mwembe, mbele ya wazee wa kijiji na chifu. Nilikwenda na ami wawili. Tulikuwa tumebeba pesa tulizochangishana, tukidhani tutalipa na kumaliza siku ile ile. Mzee alizitazama akazirudisha.

“Wanangu, mnazi hauhesabiwi ungali na majivu,” alisema. “Ngojeni mvua.”

Sikumwelewa mpaka nilipomuuliza afisa wa kilimo. Mnazi hauna gamba hai kwa nje kama mwembe. Uhai wake uko kileleni, kwenye moyo mmoja tu. Shina linaweza kuwa jeusi kama mkaa na mti ukaishi, moyo ukiungua basi umekwenda. Tulingoja mvua ya mwaka. Mwezi wa Juni, kati ya minazi 23, tisa ilitoa makuti mapya katikati ya majivu. Iliyokufa ilikuwa 14. Mikorosho haikurudi hata mmoja. Mzee angeweza kuchukua fidia ya minazi 23 siku ile na sisi tusingejua. Sijamsahau kwa hilo.

Katika kuhesabu likazuka jambo ambalo hati haionyeshi. Minazi sita iliyoungua ndani ya shamba letu haikuwa yetu. Ilipandwa na baba yake mjane mmoja wa kijijini, kwa ruhusa ya babu, na kwa desturi ya pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu na mti ukawa wa mwingine, ukarithiwa, hata ukawekwa rehani. Watu wa Mombasa tusishangae: nyumba nyingi za Majengo zimejengwa kwenye ardhi ambayo mwenye nyumba haimiliki. Mama yule hakuwa amesema neno tangu Februari. Hakuna notisi, wala kesi, wala bima ambayo ingemfikia. Alijulikana kwa sababu wazee walikuwepo na walikumbuka nani alichimba shimo la mnazi upi. Sera yoyote ya fidia ya moto itakayoandikwa kwa kutazama hati tupu itamwacha mama huyu nje.

Mapatano yalikuwa haya. Kwa kila mnazi uliokufa, wa mzee au wa mjane, tunatoa miche miwili ya mnazi mrefu wa kienyeji na kulipa kibarua wa kuipanda na kuimwagilia kiangazi cha kwanza. Mnazi huo huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kwa hiyo kwa miaka sita tunalipa thamani ya nazi za kila muanguo kwa bei ya shambani ya siku hiyo. Mikorosho vivyo hivyo kwa msimu. Banda tumelijenga upya, matibabu ya yule kijana tumeyalipa, mizinga mzee aliisamehe. Mlinzi yuko pale pale, na sasa ana tangi la maji na mtu wa kumsaidia.

Upande wa kinga tulifyeka mkanda wa mita kumi kwenye mpaka wote wa juu, na njia ya kuingilia imefunguliwa lori lipite. Kaskazi iliyofuata tulichoma mabaki ya ekari za nyuma vipande vipande, alfajiri, kwa ruhusa, hifadhi ikiwa imearifiwa, mzee akiwa amekaa kwenye kigoda chake akituelekeza upepo ulipo. Gharama ya mkanda ule kwa mwaka, ukiigawa kwa warithi 19, ni ndogo kuliko anachotumia mmoja wetu kwa karamu ya Idi. Tungeweza kuifanya miaka yote sita.

Ninachokiomba kutoka kwa serikali za kaunti zetu, Mombasa ikiwemo kwa sababu wenye mashamba wanaishi hapa, ni vitu viwili. Kwanza, shamba linalopakana na msitu lisilo na msimamizi wa mirathi litakiwe kumtaja mtu mmoja wa kupokea notisi na kujibu kwa niaba ya wenzake, hata kama kugawana hakujafanyika. Asipotajwa, kijiji kiruhusiwe kufyeka mpaka na gharama iandikwe kama deni juu ya ardhi. Pili, wanaoukimbilia moto kabla ya gari la zimamoto kufika, yaani majirani, wapewe vifaa na posho na watambuliwe kama kikosi. Huko Mwaluganje, upande wa pili wa vilima hivyo hivyo, tangu miaka ya 1990 wakulima waliunganisha mashamba yao kuwa hifadhi ya ndovu na kugawana mapato ya langoni. Kama watu waliweza kukubaliana juu ya ndovu, mkanda wa mita kumi haushindikani.

Sisi tumemteua ami mdogo, na ombi la usimamizi liko mahakamani. Imebaki saini ya binamu yetu wa Omani. Ameahidi kuja Idi.